Umemaliza kozi ya uongozi wa sanaa, umepewa ruzuku ya mradi: hiyo hela ni ya nani na inatembeaje?

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu mmoja anayefundisha ngoma watoto kule Unga Limited, hapahapa Arusha, alinipigia saa mbili usiku, nyuma yake nasikia makonda wanaita abiria, akaniambia dada nimepata, nimepata milioni kumi na tatu! Alikuwa amemaliza kozi ya uongozi wa sanaa, zile za miezi sita mnasoma kwa Zoom halafu mnakutana ana kwa ana wiki moja mwishoni, na waandaaji wametenga hela kwa ajili ya wahitimu wakatekeleze miradi waliyoiandika darasani. Nilifurahi mno, nikampongeza toka moyoni. Halafu akaniuliza, dada hivi ikiingia naweza nikamalizia kwanza kodi ya nyumba, mradi nikauanza mwezi wa saba? Nikamwambia kesho njoo na mkataba wote, kila ukurasa, na ile karatasi ya bajeti, tukae.

Tulikaa kuanzia asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama. Na kwa vile maswali aliyoniuliza ndo yaleyale naulizwa na vijana wa Moshi, wa Usa River, mpaka mmoja wa Karatu, nimeona niyaeleze yote kwa pamoja, maana hili jambo linachanganya watu wenye akili zao na wengine wanaishia kuharibu jina kwa kitu ambacho hakuna mtu aliyewaeleza.

Tuanze na hela yenyewe ni hela gani, kwa sababu kwenye sanaa kuna hela za aina nyingi na wote tunaziita "ufadhili" kwa mkupuo. Kuna hela ambayo ni karibu na zawadi, mfano Prince Claus Fund ya Amsterdam, tangu 2021 wana tuzo za wasanii wanaochipukia, watu 100 kwa mwaka, kila mmoja euro 5,000, na msanii anaachiwa mwenyewe aamue ataitumiaje kukuza kazi yake. Hiyo ukipata wewe ndo unapanga. Kuna hela za taasisi tu, mfano Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni wa UNESCO, ule unafika mpaka dola 100,000 lakini mtu binafsi huwezi kuomba, lazima iwe taasisi. Kuna hela za wahitimu wa programu fulani, mfano Wamarekani walikuwa na mfuko wa wahitimu wa programu zao za kubadilishana, miaka ya karibuni kiwango cha juu kilikuwa dola 35,000, na mnaomba kama timu ya wahitimu, siyo peke yako.

Halafu kuna za hapa nyumbani ambazo watu wanazichanganya zaidi. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa serikali unatoa mikopo kupitia benki. Narudia, mikopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, nayo ni mkopo, haina riba kweli lakini inarudishwa. Sijasema mikopo ni mibaya, kama una biashara ya kushona maleba au studio inayoingiza hela kila wiki mkopo unaweza kukufaa sana. Lakini kama mradi wako ni kufundisha watoto ngoma bure huwezi kukopa, utarudisha na nini?

Sasa ruzuku ya wahitimu inakaa wapi hapo katikati? Hairudishwi, kwa hiyo siyo mkopo. Lakini siyo ya kwako pia, kwa hiyo siyo zawadi. Ni hela ya kazi iliyoandikwa. Umesema utafundisha vijana 20 wa Unga Limited na Ngarenaro kwa miezi minne na mwisho mtafanya onyesho, mfadhili amesema sawa, hii hapa hela ya kazi hiyo, na wewe umekabidhiwa uisimamie. Kazi isipofanyika hela inarudi. Ikibaki, mara nyingi inarudi pia, au unaomba kwa maandishi uitumie kwa kitu kingine. Ndo maana kodi ya nyumba haiingii humo, isipokuwa kwa njia moja halali ambayo nitaifikia, na hiyo njia ndo watu wengi wanaiacha mezani.

Kwa nini wanawapa wahitimu tu na siyo kila mtu? Kwanza wameshakujua, wamekaa na wewe miezi sita, wamesoma kazi zako, hawana haja ya kuanza kuchunguza maandiko mia tano ya watu wasiowajua. Pili, na hii naiamini kabisa, mafunzo ya uongozi bila kazi ya kuongoza yanayeyuka. Unarudi na cheti na daftari zuri, miezi mitatu baadaye umerudi kuishi kwa posho za semina. Hela kidogo yenye masharti inakulazimisha ufanye yale uliyosoma, upange, uajiri, ulipe, ukosane na watu na upatane nao, uandike ripoti. Kwa hiyo usishangae kwamba hela ni ndogo, dola 2,000, 5,000, mara chache 10,000. Imekusudiwa iwe ndogo.

Na hapo ndo kosa la kwanza linapoanzia. Watu tunachukua ndoto nzima, kituo cha utamaduni chenye jukwaa na maktaba, tunaikunja tuiingize kwenye dola 5,000. Haiingii. Mwisho unafanya robo ya kila kitu na hakuna kilichokamilika. Chukua kipande kimoja ambacho hela hiyo inakitosha mpaka mwisho, na jukwaa na maktaba viache kwenye andiko lingine la mwaka mwingine. Huyu mdogo wangu alikuwa ameandika vijana 60, mikoa miwili, na filamu ya dakika 40. Kwenye mazungumzo ya kabla ya kusaini mkataba waandaaji wakampunguzia, na aliumia, akaona wamedharau wazo lake. Mimi naona wamemwokoa.

Haya, nani anapokea hela? Baadhi wanatuma kwenye akaunti ya mtu binafsi, hasa zikiwa kidogo. Wengine wanasema lazima taasisi iliyosajiliwa, na hapa vijana wanakimbilia kusajili kitu chochote. Tulia kwanza. Kampuni au jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na hiyo ni ya kutafuta faida. Asasi isiyo ya kiserikali inasajiliwa chini ya sheria ya NGO ya 2002, unapitia kwa msajili wa NGO na kwa maafisa maendeleo ya jamii wa halmashauri na mkoa. Tangu marekebisho ya 2019 ile njia ya kusajili kampuni isiyo na mtaji wa hisa BRELA halafu unafanya kazi za jamii kama NGO imezibwa, kwa hiyo usimsikilize anayekuambia tufanye hivyo ni haraka. Kikundi cha jamii kinasajiliwa halmashauri. Na usajili wa msanii au kikundi cha sanaa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ni kitu kingine tena, huo unakutambua kama msanii na unahusika kwenye vibali vya maonyesho, haukugeuzi kuwa NGO.

Kama huna taasisi na mkataba unaitaka, usianzishe taasisi kwa ajili ya dola 5,000. Tafuta taasisi mlezi. Yaani asasi iliyopo, yenye akaunti, mhasibu na ukaguzi wa mahesabu, inapokea hela kwa niaba yako, inazilipa kadiri mradi unavyoenda, na inachukua asilimia kidogo kwa kazi hiyo. Ni mpango mzuri mkiandikiana. Muandikiane kweli, karatasi, mmesaini: asilimia ngapi wanachukua, ukiomba malipo wanatoa ndani ya siku ngapi, vifaa vikinunuliwa ni vya nani mradi ukiisha, jina la nani linaenda kwenye bango. Mimi niliwahi kuweka mradi wangu kwa asasi moja kwa kuaminiana tu, tukapeana mikono, basi. Hela ikaingia, wao wakawa na shida yao ya mishahara, yangu ikakaa wiki tisa huku nimeshawaita wacheza ngoma na kila siku wananiuliza dada vipi. Sikuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Na kitu kingine wasichokijua wengi, NGO ikipokea zaidi ya shilingi milioni 20 kanuni zinaitaka itangaze hizo hela hadharani na ipeleke mkataba kwa msajili na Hazina, kwa hiyo taasisi mlezi ikikuambia tusubiri kidogo kuna taratibu, inawezekana wanasema ukweli.

Sasa tuingie kwenye pale penye maumivu, hela inavyotembea. Kwenye barua ameambiwa dola 5,000. Akazidisha kwa 2,600 akapata milioni 13 na hiyo ndo akaiita hela yake. Tukafungua mkataba: asilimia 50 baada ya kusaini, 30 baada ya ripoti ya katikati, 20 baada ya ripoti ya mwisho kukubaliwa. Nikamwambia chukua kalamu. Tuseme ya kwanza, dola 2,500, inaingia dola ikiwa 2,600, hiyo ni milioni sita na nusu. Tuseme ya pili, dola 1,500, inaingia dola ikiwa 2,400, milioni tatu na laki sita. Ya tatu, dola 1,000, bei hiyohiyo, milioni mbili na laki nne. Jumla milioni 12 na nusu. Laki tano zimepotea na hakuna mtu aliyeiba. Na hiyo siyo hadithi ya kutishana, mwishoni mwa 2024 dola ilishuka kutoka karibu 2,700 mwezi wa kumi mpaka karibu 2,400 Desemba, ndani ya miezi miwili tu, na watu waliokuwa na miradi ya hela za nje walilia. Bado benki za kati zinazopitisha hela nazo zinakata chao njiani.

Kwa Arusha hili lina sura yake. Mji wetu ni wa watalii, kumbi na hoteli nyingi zilikuwa zinakutajia bei kwa dola, kwa hiyo dola ikipanda au ikishuka ulikuwa unalipa dola kwa dola, hutetereki. Machi 2025 zikaja kanuni zinazokataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Ni jambo jema kwa mwananchi wa kawaida, lakini kwa mwenye ruzuku maana yake mapato yako ni dola na matumizi yako yote ni shilingi. Kwa hiyo bajeti iandike kwa bei ya dola ya chini kuliko ya leo. Leo ni 2,600? Andika 2,400. Ikizidi, utaomba kuongeza siku za mazoezi.

Halafu ile asilimia 20 ya mwisho. Isome tena: baada ya ripoti ya mwisho kukubaliwa. Yaani mradi wote umeisha, onyesho limepita, watu wameondoka, na wewe ulitakiwa uwe umeshalipa kila kitu, pamoja na hizo milioni mbili na laki nne ambazo hujapewa. Unazitoa wapi? Wengi wanakopa kwa riba za mtaani na ruzuku inageuka deni. Tulichofanya na huyu binti ni kupanga malipo yapi yanaweza kusubiri. Mpiga picha za video alikubali nusu mwanzo nusu mwisho. Mwenye spika vilevile, wanajuana. Na malipo yake yeye mwenyewe ya miezi miwili ya mwisho tukayaweka kwenye hiyo asilimia 20. Walimu wa ngoma na mama wa chakula hawasubiri, hao wanalipwa kila wiki, hilo halina mjadala.

Malipo yake mwenyewe, sasa tumefika. Kwenye bajeti yake aliyoandika darasani ukumbi upo, maleba yapo, nauli zipo, walimu wawili wapo, kila mmoja 30,000 kwa kipindi mara vipindi 32, hiyo ni 1,920,000. Yeye hayupo. Nikamuuliza wewe ni nani humu? Akasema mimi ni mwenye mradi dada, nitajilipaje, si wataona mimi mwizi. Hapana. Mratibu wa mradi ni kazi, ina saa zake, na ukiandika waziwazi mratibu, miezi minne, 250,000 kwa mwezi, milioni moja, mfadhili wa kawaida ataona mtu anayejua gharama ya kazi. Hiyo ndo njia halali niliyoisema, hiyo hela ikishakuwa malipo yako lipa kodi ya nyumba, nunua gesi, ni jasho lako. Anayeacha kujiandika mara nyingi siyo kwamba hagusi hela ya mradi, njaa ikimfika mwezi wa pili anachukua kwenye mstari wa maleba akisema nitarudisha. Watu wazuri kabisa wameharibikiwa hapo. Kila mfadhili ana masharti yake kuhusu hili, wengine wana kikomo, kwa hiyo uliza kabla, kwa imeili, ubaki na jibu.

Risiti. Kila unaponunua dukani dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hiyo kila mtu anajua. Ambacho watu hawajui ni kwamba ile karatasi inafifia. Mwaka mmoja niliweka risiti zote kwenye bahasha, bahasha nikaiacha mbele kwenye gari la mwenzangu karibu mwezi mzima, jua la kiangazi linapiga kioo. Siku ya kuretaya, yaani kuonyesha hela ilivyotumika, nafungua bahasha nakuta vikaratasi vyeupe, unaona kivuli cha namba tu. Ukumbi, mafuta, vitambaa. Laki tatu na arobaini zilikataliwa nikazilipa mfukoni kwangu kidogokidogo. Tangu hapo risiti naipiga picha papohapo mbele ya kaunta na jioni natoa fotokopi, natumia fotokopi ya kawaida siyo karatasi ileile ya mashine.

Na kwa wale wasio na EFD, maana kiukweli sanaa yetu inaendeshwa na hao, mama anayepika makande, bibi anayefundisha nyimbo za zamani, bodaboda aliyebeba ngoma, kuna hati ya malipo. Unatengeneza mwenyewe: namba, tarehe, jina, simu, amelipwa kwa kazi gani, kiasi, sahihi au dole gumba, na shahidi. Mweleze mfadhili mwanzoni kabisa kwamba asilimia fulani ya malipo yako yatakuwa ya namna hii. Ukimwambia mwanzo anaelewa, ukimwambia mwisho inaonekana umetunga. Ukilipa kwa simu hifadhi na ujumbe. Uliza pia mhasibu kuhusu kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla mtu hajalipwa, kwa hao unaowalipa kwa huduma, taasisi mlezi nyingi zinaijua vizuri.

Vibali nitapita haraka. Onyesho la wazi, iwe viwanja vya shule au pembeni ya soko la Kilombero, anza na afisa utamaduni wa halmashauri, yeye atakuelekeza cha BASATA na cha polisi, na ukitaka kupiga filamu kuna Bodi ya Filamu. Weka gharama zake kwenye bajeti na weka wiki tatu kwenye kalenda.

Kitu ambacho ningependa kila mhitimu akishike ni hiki cha mabadiliko. Mradi wowote utabadilika. Masika ikikolea Unga Limited panajaa maji, watoto hawafiki, au mwalimu anapata kazi Zanzibar anaondoka. Kubadilika siyo kosa, kosa ni kunyamaza. Mikataba mingi niliyoisoma inakuruhusu kuhamisha kidogo kati ya mstari mmoja na mwingine, mara nyingi asilimia 10, zaidi ya hapo unaandika barua kabla ya kutumia. Watu wanaogopa kuandika, wanadhani watanyang'anywa. Mimi nimeshaandika barua hizo mara nne na mara zote nimekubaliwa. Ile moja ambayo sikuandika ndo niliyoulizwa maswali.

Kuna mzee mmoja wa Kaloleni, mpiga zeze, hapo karibu na Makumbusho ya Azimio la Arusha, kila akisikia wafadhili anauliza kwani Azimio la 1967 lilisema nini kuhusu kujitegemea? Sijawahi kumpuuza. Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje tukaona asasi zinafunga ofisi ndani ya mwezi, maneno yake yalinirudia. Ndo maana namsukuma kila kijana aweke kwenye mradi kitu kimoja kitakachobaki hela ikiisha: ngoma zilizotengenezwa vizuri, kikundi chenye akaunti yake, wazazi waliozoea kuchangia buku, yaani elfu moja, kwa wiki. Hata buku.

Huyu mdogo wangu bajeti yake mpya ilikubaliwa Jumatatu, na hela ya kwanza imeingia. Jana jioni amenitumia picha. Hati ya malipo namba 001, ngozi mbili za mbuzi za kuwambia ngoma, shilingi 40,000, mzee amepiga dole gumba la wino wa bluu, na chini yake mjukuu wake amesaini kama shahidi, kwa herufi kubwa za mtoto wa darasa la tano.